Hesabu ya Miti katika Milima ya Amani

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya bara hufika kwanza Muheza, mji wa machungwa, na hapo huiacha barabara kuu akaielekea milima ya Usambara Mashariki. Mashamba humsindikiza mpaka bonde la mto Zigi, lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Toka hapo njia yapanda kwa kujipindapinda, joto la pwani lapungua, na miti yazidi kurefuka hata jua laonekana vipande vipande tu. Akifika Amani yenyewe, yapata mita 900 juu ya usawa wa bahari, amekwisha ingia katika nchi nyingine: nchi ya ukungu, chai na msitu.

Wasomaji wetu wapenzi, sisi tulipanda milima hiyo ili tuitazame kazi ambayo wengi huisikia kwa jina tu, nayo ni kazi ya kuhesabu na kuandika mimea ya msitu. Kabla ya safari jamaa zetu walituuliza: “Miti si hiyo yaonekana? Yahesabiwa kwa faida gani?” Swali hilo ni la haki, nasi tulikwenda nalo mpaka mlimani.

Kazi yenyewe si ngeni mahali hapa. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata katika nchi hii ya Usambara na Tanga ua dogo la zambarau, akapeleka mbegu zake Ulaya. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu na kuwekwa madirishani duniani kote, na wengi walinunualo hawajui kwamba asili yake ni miamba ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda bustani kubwa ya miti kutoka pande nyingi za dunia. Baadaye, chini ya Waingereza, utafiti uliendelea. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, ambacho sehemu zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1952, kilikamilika mwaka 2012, kikiwa na aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka 60 kwa kitabu kimoja! Basi hapana shaka kwamba kuijua miti si jambo la kupita na kutazama.

Asubuhi, baada ya swala na chai ya moto, tulifuatana na vijana wa kazi hiyo wakiwa na kamba, utepe wa kupimia, dira, rangi na magazeti ya zamani. Jambo la kwanza lililotupendeza ni hili: mahali pa kuhesabia hapachaguliwi kwa uzuri wake. Hupangwa juu ya ramani kabla ya kuingia msituni, na pakiangukia kwenye mteremko wenye miiba, basi huko huko ndiko kazi ifanyikapo. Mtu akijichagulia mahali pepesi, hesabu yake itausifu au kuulaumu msitu kwa uongo.

Kamba hunyoshwa kuzunguka kipande chenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 20. Ndani yake kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi hupimwa shina, kiasi cha kifuani pa mtu, ukaandikwa jina na kutiwa alama ya rangi, ili atakayekuja baada ya miaka mingi aupate mti ule ule. Kisha hutengwa vipande vidogo ndani ya kile kikubwa, na humo watu huinama na kuhesabu miche, hata ile isiyofika magotini. Mmea usiojulikana hukatwa kitawi chenye ua au tunda, kikabanwa katikati ya magazeti na kukaushwa. Pembeni huandikwa mahali, mwinuko, tarehe, na rangi ya ua pia, kwa sababu rangi hufifia na karatasi ndiyo itakayobaki ikisema. Vitawi hivyo hupelekwa katika nyumba za kuhifadhia mimea mikavu, kama zile zilizoko Arusha na Nairobi, na huko mtaalamu ambaye hajafika Amani kamwe aweza kuutambua mmea huo, hata baada ya miaka 100.

Mwalimu wa msafara wetu hakuwa mwenye shahada. Alikuwa mzee wa kijiji cha jirani, Mshambaa, mwenye panga dogo na macho makali. Kijana alipomwuliza, “Mzee, huu wauitaje?” yeye hakutazama majani yaliyo juu mno. Alichanja gome kidogo, akatazama utomvu, akanusa, kisha akasema, “Huu ni msambu, mwanangu. Mbegu zake zatoa mafuta.” Kijana akaandika jina hilo, na mbele yake akaandika la Kilatini, Allanblackia stuhlmannii. Majina yote mawili yana kazi. La Kilatini ni moja kwa dunia nzima, ambapo la kienyeji laweza kubadilika toka kijiji hata kijiji, au kuitwa miti miwili kwa jina moja. Walakini la Kilatini halimwambii mtu kwamba mbegu zile zina mafuta. Ujuzi huo u kifuani mwa wazee, nao wapungua kila tuzikapo mmoja wao.

Sasa tulijibu lile swali la jamaa zetu. Atazamaye milima ya Amani kwa mbali huona kijani kimoja kizuri, akadhani msitu ni mzima. Walakini upo huko mti mgeni, mhesi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Asili yake ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa, na baada ya misitu kukatwa magogo mpaka miaka ya 1980 ukapata nafasi kubwa, kwa maana hupenda mahali palipofunguka jua. Hukua upesi, na hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali sana. Mti huu hauna uovu wowote huko kwao. Hapa, lakini, wachukua mahali pa miti iliyokuwapo tangu zamani, na baadhi ya hiyo haipatikani popote nje ya milima hii na jirani zake. Jicho halioni jambo hili, kwa kuwa mhesi nao ni kijani. Aonaye ni yule aliyeinama kuhesabu miche, akajua ni ya mti gani itakayokuwa msitu wa wajukuu.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Lile ua la zambarau huishi juu ya miamba yenye unyevu chini ya kivuli. Kivuli kikiondoka, nalo hukauka. Mto Zigi, ulishwao na milima hii, ndio unywesha mji wa Tanga, na maji ambayo mtu wa Tanga hutawadhia alfajiri yamepita kwanza katika mizizi ya miti hii.

Tena hesabu hii yagusa riziki za watu. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta zipatazo 8,380. Baadaye, ili vipande vya msitu viungane, wakulima wa Derema walitakiwa kuyaacha mashamba yao ya iliki waliyoyalima chini ya miti, na fidia yao ilizusha manung’uniko. Mizani hiyo ni nzito: upande mmoja aina ya mmea isiyo na pengine pa kuishi, upande wa pili karo ya mtoto. Ikiwa karatasi ya msituni ni miongoni mwa mashahidi katika shauri kama hilo, basi aiandikaye yampasa kuwa mkweli kama shahidi aliyekula kiapo. Asiongeze mti hata mmoja, wala asiuache mmoja kwa uvivu wa kupanda mteremko.

Enyi vijana wetu, si lazima mfike Amani. Chukueni daftari, mkae na babu au bibi, mwandike majina ya miti iliyo karibu na nyumba zenu: jina, mahali, wakati wa kutoa maua, na kazi yake. Mti ambao hamkuuelewa, chukueni kitawi chenye ua, mkibane ndani ya gazeti, mkaandike tarehe. Na mzee akiwaambia hajui jina lake, liandikeni hilo pia.