Taa za Ng'ambo ya Michikichi

Sisi tuliokulia Kigoma tuliujua mchikichi kwa maumivu ya shingo. Ulikuwa mti wa kutazama juu: baba yuko kileleni na kamba yake kiunoni, shoka linagonga, na sisi watoto tumeambiwa tukae mbali, kwa sababu mkungu ukidondoka haukuulizi jina. Mama alichemsha chikichi kwenye pipa, tukaziponda, tukakamua, na ikifika jioni nyumba nzima hadi madaftari ya shule ilinuka mawese. Na kila mzee kijiweni alikuwa na hadithi ileile, ambayo bila shaka hata wewe umewahi kuisikia: kwamba Wamalaysia walikuja kwetu wakachukua mbegu, wakaenda kutajirika, sisi tukabaki na madebe.

Basi mwaka 1996, nilipofika Bogor nchini Indonesia kusomea kilimo, nilikwenda kwenye bustani kubwa ya mimea kama mtu anayefuata deni lake. Nikaelezwa habari za michikichi minne iliyopandwa pale mwaka 1848. Miche miwili ilitoka Amsterdam, miwili visiwa vya Bahari ya Hindi, na asili ya mti wenyewe ni Afrika Magharibi. Kigoma haikutajwa. Sikuthubutu kuwaandikia wazee barua.

Miezi michache baadaye tulipelekwa mafunzo ya vitendo mkoani Jambi, kisiwani Sumatra, kwenye makazi yaliyokuwa na namba kabla hayajapata jina. Serikali ilikuwa imewahamishia huko Wajava kutoka kisiwa chao kilichofurika watu, na kila familia ikapewa nyumba ya mbao yenye paa la bati, nusu hekta ya kulima chakula kuizunguka nyumba, na hekta mbili za michikichi ambazo wao waliziita kavling. Hizo hekta mbili zilikuwa za mkopo. Miti ikianza kuzaa, mikungu ingepelekwa kwenye kiwanda cha kampuni mama kupitia ushirika, na kila malipo yangekatwa kidogo mpaka deni liishe.

Mwenyeji wangu nilimwita Pak, mkewe Bu, kama vijana wote wa kule wanavyowaita wakubwa wao. Nao waliniita Mas, yaani kaka. Lugha haikunitesa nilivyohofia. Sabuni ilikuwa sabun, dunia ilikuwa dunia, habari waliita kabar na riziki wakaiita rezeki. Neno lililokuwa mdomoni mwa Pak kutwa lilikuwa sabar. Alilisema akichimba muhogo, alilisema akirudi kutoka kibaruani kwenye mashamba ya kampuni, alilisema Bu alipokaanga tempe ileile ya jana na juzi.

Michikichi ilikuwa na miaka miwili, nayo ilinifika kifuani. Katika yote niliyoyaona kule, hilo ndilo lililonikaa zaidi, kwa kuwa miti mifupi ile iliyaacha macho yapite: ukiketi barazani baada ya magharibi, na kikombe cha kahawa isiyochujwa mkononi, uliona kibatari cha jirani wa kwanza, kisha chemli ya wa pili, kisha karabai la msikitini linavuma, na baada ya hapo vimulimuli vya nyumba za mbali mpaka ukingoni mwa msitu, ambako nyani walilia alfajiri kama watu waliochelewa treni. Bu alizisoma taa zile kama wengine wanavyosoma gazeti. Kwa fulani hawajazima, mtoto bado ana homa. Kwa fulani kuna giza tangu jana, mafuta yamewaishia. Chukua kopo hili, Mas, uwapelekee.

Halafu ukaja mwaka 1997. Ukame uliwaka, misitu na mashamba ya Sumatra yakateketea, na moshi ukakaa juu yetu majuma kwa majuma, jua jekundu kama sarafu ya shaba, nguo zilizoanikwa zinaingia ndani zikinuka jivu. Kabla hatujakohoa tukamaliza, fedha nayo ikaanguka. Rupia, iliyokuwa kama 2,400 kwa dola katikati ya mwaka ule, ilipofika Juni 1998 ilikuwa imevuka 16,000. Mjini watu walilia. Kijijini, ambako mikungu ya kwanza ilikuwa imeanza kukatwa na mafuta yake yanauzwa kwa dola, vilio na vicheko vilichanganyika.

Jirani wa tatu upande wa mashariki alikuwa amekwisha kuchoka. Moshi ulikuwa umemlazia mtoto, na alichotaka ni nauli ya kurudi Java na chochote cha kuanzia. Mimi nilikuwa na dola 300 za dharura, nilizopewa na mjomba, zimeshonewa ndani ya koti. Mwaka mmoja nyuma zisingefika rupia laki nane. Sasa zilipita milioni nne. Pak akauza ng'ombe wake, akajazia. Tukanunua vyote kwa pamoja: kavling, nusu hekta na nyumba.

Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 haimpi mgeni umiliki kamili wa ardhi, na mkopo wa shamba lenyewe ulikuwa haujaisha. Kwa hiyo hati yetu ilikuwa risiti yenye stempu ya serikali, imeandikwa jina la Pak, jina langu likabaki kichwani mwake. Ulikuwa uwekezaji ambao mtaalamu yeyote angekukataza. Jirani alitia sahihi, akanitazama, akasema kwa upole, "Mas ana rezeki." Sikuwa na la kujibu. Nilichonunua siku ile kilikuwa uchovu wake.

Pak hakunidhulumu hata senti. Kila mwaka kabla ya Idi sehemu yangu ilifika, mara nono, mara nyembamba kufuatana na bei ya mafuta duniani. Iliezeka bati nyumba ya mama Kigoma. Ilisomesha mwanangu wa kwanza.

Na kule pia mambo yalinyooka, nani atakataa? Deni liliisha, hati zikatoka. Umeme ulifika. Ile barabara ya udongo mwekundu, ambayo mvua ikinyesha tulikuwa tukilisukuma lori kwa mabega huku matope yakitufika magotini, ilimwagwa kifusi. Nyumba za mbao zikawa za matofali na vigae, pikipiki mbili uani, watoto vyuo vikuu. Bu alipata mashine ya kufulia. Ole wake atakayemwambia Bu kwamba zamani kulikuwa kuzuri.

Lakini bei ilipopanda, watu walitazama ile nusu hekta ya muhogo na karanga wakaona inalala bure. Wakapanda michikichi mpaka madirishani. Miti ikaota, ikapita mapaa, ikafungana vichwa, na mchana ndani ukawa wa kuwasha taa. Jirani akaanza kusikika kwa pikipiki tu. Mboga zikawa za kununua garini. Mtoni, tulikokuwa tukivua samaki wa kitoweo, maji yakapungua na nyavu zikaning'inia ukutani.

Msitu wenyewe ulikwenda, na haukuwa mtupu. Orang Rimba, watu waliokuwa wakiishi humo kwa kuwinda na kuchuma, walijikuta ndani ya mashamba ya wengine. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimwona mama mmoja wao amechutama chini ya mti, anaokota chikichi zilizopukutika, moja moja, anatia kwenye gunia la mbolea. Kijana mwenye pikipiki akamfokea kwamba anaiba. Mama yule hakuinuka. Aliendelea kuokota, akamwacha afoke mpaka akaondoka.

Mara hiyo ya mwisho ilikuwa 2023. Mwaka mmoja kabla, tarehe 28 Aprili 2022, serikali ya Jakarta ilizuia mafuta ya mawese kuuzwa nje ili bei ya mafuta ya kupikia ishuke madukani, na zuio likadumu hadi tarehe 23 Mei. Hayakutimia hata majuma manne. Ila chikichi ikishakatwa haijui subira: inatakiwa kiwandani ndani ya saa 24, la sivyo mafuta yake yanaharibika. Pak alinisimulia mikungu ilivyooza kando ya barabara, nzi na harufu ya uchachu, na malori yaliyogeuzwa langoni. Hapo akaamua. Miti ilikuwa na miaka 28, mirefu kupita mundu wa mpini mrefu, na serikali ilikuwa inatoa rupia milioni 30 kwa hekta kwa mkulima mdogo anayepanda upya. Akajiandikisha yeye na wenzake. Tingatinga likaja, na watu walipoliona wakaangusha hata ile ya uani.

Kwa hiyo nilikuta vita vimekwisha. Magogo yamelala, yamekatwa vipande, yananuka tamu na uozo. Katikati yake miche mipya, inanifika gotini. Miaka mitatu bila mapato. Pak, nywele zote nyeupe, anasema sabar.

Kigoma nako wananiuliza. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipokuja kuhimiza zao hili, miche ya kisasa imegawiwa, na vijana wanataka kujua wenzetu walifanyaje. Nawapa hesabu: hekta, mbolea, kiwanda karibu, barabara inayopitika masika. Hesabu ninazo. Kuhusu taa sijapata namna ya kuwaambia.

Usiku wa mwisho tulikaa barazani, sasa ya vigae, kahawa ni ileile isiyochujwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na ushei macho yalipita. Taa nyeupe za umeme zilijipanga mpaka mwisho wa makazi, na Bu, miwani puani, akaanza kuzitaja moja moja: wale wamepata mjukuu, wale wameuza, hao wapya hatujawajua. Nikamfuata kwa kidole. Jirani wa kwanza. Wa pili. Kisha pengo, giza tupu, pana kama nusu hekta, halafu taa zinaendelea.

"Pale penye giza ni kwa nani, Pak?"

Alipuliza kahawa yake, akanywa, akaweka kikombe chini.

"Pale ni petu, Mas."