Matema: Njia ya Vyungu

Jina la Ziwa Nyasa, kwa hakika, si jina. Inasimuliwa kwamba David Livingstone alipoufikia ufuko wake wa kusini mwezi Septemba 1859, aliuliza maji yale yaitwaje, naye akajibiwa kwa neno ambalo katika lugha za huko lina maana ya ziwa tu. Tangu siku hiyo watu husema Ziwa Nyasa, yaani ziwa lililo ziwa, kana kwamba maji yale hayatoshi kutajwa mara moja.

Mkazi wa Mbezi Beach huona vigumu kustaajabia maji. Huamka na kulala akisikia bahari. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko mbele ya macho yake. Naye anajua saa ya kupwa na saa ya kujaa bila ya kuuliza. Ndivyo alivyokuwa mwalimu mmoja mstaafu wa huko, bibi mwenye wajukuu, aliyefunga safari ya Matema mwezi wa Julai akifuatana na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na tisa. Walipita Morogoro na mbuga ya Mikumi, wakaukwea mlima wa Kitonga, wakalala Mbeya. Asubuhi yake waliteremka kando ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960, wakapita chai na migomba ya Tukuyu, hadi kwenye mpunga na kokoa ya Kyela. Huko, pembeni kabisa mwa ziwa upande wa kaskazini, ndiko iliko Matema, kijiji kinachoanza kuvaa nguo za mji.

Jambo la kwanza alilolitafuta bibi yule ufukweni ni alama ya maji kujaa. Hakuiona. Ziwa halipwi wala halijai kwa saa kama bahari. Mchanga ni mchanga, mawimbi ni mawimbi, lakini upepo hauna chumvi. Na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, ikatumbukia majini bila ya kuacha hata uwanda wa kujenga kibanda. Mteremko huo haukomei juu ya maji. Ziwa lina kina cha mita 700 na zaidi, na uso wake uko chini ya mita 500 juu ya bahari. Kwa hiyo sakafu yake imezama zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa maji ya Mbezi Beach.

Mahali pa namna hiyo huwaita wapenda jasura. Neno hili limezaliwa katika ukoo mmoja na jasiri na ujasiri. Jasura ni hatari anayoiendea mtu kwa hiari yake, akijua kwamba jioni atarudi kwenye chakula cha moto na kitanda. Hapo Matema wageni hupiga makasia, huzamia kuwatazama samaki wa rangi nyingi ambao ziwa hili limewakusanya kuliko ziwa lolote duniani, na huikwea milima hadi kwenye maporomoko ya maji. Kijana alikuwa ameyapanga yote hayo, na la kwanza lilikuwa kwenda Ikombe kwa mtumbwi Jumamosi asubuhi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ukavuma mwera. Huu ni upepo wa kusi wa ziwa lile, nao huanza mbali kusini ukiyasukuma mawimbi mamia ya kilomita pasipo kisiwa kikubwa cha kuyavunja nguvu, hata yakafikia kikomo chake pale Matema. Kulipokucha mitumbwi ilikuwa imevutwa juu mchangani. Kijana alimwongezea nahodha fedha. Nahodha alitikisa kichwa, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, ningevuka kwa bei yoyote, ningekuwa nimevuka alfajiri. Leo ni siku ya soko."

Basi kijana akatafuta kiongozi wa njia, akamlipa bila ya kusitasita, wakaifuata njia ya miguu inayoambaa mlimani kuelekea Ikombe. Njia ni nyembamba, jiwe juu ya jiwe, na maji yanaunguruma chini. Walipofika penye mteremko mkali wakakutana na wanawake watatu wa Kikisi waliokuwa wakija. Kila mmoja alikuwa na vyungu kichwani, vimefungwa kwa majani. Wakasalimia, wakapisha, wakapita. Hawakushika mwamba wala mti.

Wakisi ni wafinyanzi mashuhuri. Wanawake wao hufinyanga kwa mikono mitupu, na kila Jumamosi vyungu hivyo huuzwa katika soko la Lyulilo, kando ya Matema. Kwa kawaida huja kwa mitumbwi, vikiwa vingi. Siku hiyo vilikuwa vichache.

Alasiri bibi na mjukuu wakawa sokoni. Kijana alichagua chungu cha kiasi, chekundu, chenye nakshi nyeupe shingoni.

"Mama, punguza kidogo," alisema.

"Mwanangu," mama yule akajibu, "vingine vimebaki Ikombe. Hivi ndivyo nilivyoweza."

Kijana akafungua kinywa kuomba tena. Bibi yake akamgusa mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, aliyekuonyesha njia hukumwomba apunguze. Huyu aliyeipita na chungu kichwani, wamwomba?"

Kijana alilipa bei iliyotajwa. Kisha akakiinua chungu kwa mikono miwili, akakipima uzito, akamtazama mama yule kwa muda. "Mama," akauliza, "vile vingine utavifuata lini?"

"Mwera ukitulia," alisema. "Usipotulia, kesho, kwa miguu."