Maswali 60

Jumatatu, 2 Septemba 2024, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Leo vijana wamejaza dodoso la mwelekeo wa kazi, lile la bure la Wizara ya Kazi ya Marekani lenye maswali 60. Nililitafsiri mwenyewe. Linapanga mivuto ya mtu katika makundi sita ya John Holland, aliyeyaeleza kwanza mwaka 1959: mikono, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, biashara, kumbukumbu na hesabu.

Binti mmoja, wazazi wake wa Fizi, Kongo, alifika kwenye swali la majaribio ya kemia akainua mkono. “Mwalimu, sijawahi kuingia maabara. Niandike sipendi?” Wenzake hawakuuliza, wakaandika sipendi. Usiku huu nazipitia karatasi: kundi la uchunguzi limeshuka karibu kwa wote. Siwezi kukubali kwamba vijana hawa hawana udadisi. Wameulizwa habari za vyumba ambavyo hawajawahi kufunguliwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekaa na yule binti nikaweka dodoso pembeni. Nilimuuliza siku yake inapitaje. Anatengeneza sabuni na shangazi yake, wanaiuza sokoni. Mwaka jana sabuni ilikuwa inachubua mikono ya wateja, kwa hiyo alipunguza kostiki kidogo kidogo, akaona pia kwamba mawese na mafuta ya alizeti hayataki kipimo kimoja. Vipimo vyote ameviandika daftarini, na katika kila mchanganyiko amebadilisha kitu kimoja tu. Huyu ndiye aliyepata alama za chini za uchunguzi!

Nimeanza kuandika maswali mengine ya kutangulia yale 60: umewahi kurekebisha nini, nani hukujia akitaka msaada, ni kazi gani unaifanya hata bila kutumwa.

Mama yake alipita jioni. “Mwalimu, hii karatasi itamupatia mtoto kazi?” Nikamjibu, “Hapana, mama. Inatupa pa kuanzia kuuliza.” Hakuridhika, na ana haki. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiwa imeweka masharti yake juu ya ajira, taaluma za kujitegemea na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi kambini, na wengi waliacha maduka Lilongwe. Kambi yetu, iliyofunguliwa 1994 na kupangwa kwa watu 10,000 hivi, sasa ina zaidi ya 50,000. Nikamkumbuka Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi Boston mwaka 1908: alitaka kijana ajijue, azijue kazi, kisha avioanishe viwili hivyo. Dodoso hugusa hilo la kwanza tu.

Jumanne, 10 Septemba, Lilongwe

Nimepata kibali cha kutoka kambini. Nimezunguka vyuoni na maswali yangu: karatasi ya ukimbizi inapokelewa? Karo ni ya mwenyeji au ya mgeni? Mafunzo ya vitendo hufanyika wapi, na nani anaombea kibali? Karani mmoja alinijibu kwa utulivu, jambo moja baada ya jingine. Mwingine alitaka kitambulisho cha taifa, mazungumzo yakaishia hapo. Majibu yote nimeyaandika kwenye ukurasa mmoja, mbele ya kila kazi. Kwa kijana wa Dzaleka, ukurasa huu una uzito zaidi kuliko alama za dodoso.

Jumapili, 15 Septemba

Tumekutana nyumbani kwa yule binti baada ya misa. Mama anataka uuguzi, kwa sababu zahanati anaiona kila siku. Binti anataka sayansi ya chakula, inayofundishwa chuoni Bunda. Nimewaeleza njia ninazozijua: ufadhili wa DAFI wa UNHCR, na masomo ya mtandaoni ya Wajesuiti yaliyoanza hapa kambini mwaka 2010, ambayo hayahitaji kibali cha safari. Sikumchagulia. Mama aliuliza maswali makali kuhusu nauli, malazi, na miaka mingapi, nikafurahi kwamba anauliza.

Wamekubaliana aombe DAFI. Barua tumeianza kwa sabuni, na alama za dodoso hatukuzitaja kabisa. Nimemwambia aviandike vipimo vyote, pamoja na vile vilivyoharibika.