Diski Ilikuwa Hai

Wanachama wenzangu wameniomba niandike yaliyotupata katika koperative yetu ya akiba na mkopo hapa komini ya Vulamba, mjini Butembo. Mwenye ujuzi wa kompyuta ataona ni jambo dogo, na pengine atacheka. Acheke tu. Sisi tuliokuwa ndani hatukucheka.

Kwanza mjue mwaka wenyewe ulikuwaje. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, benki za huko zikafunga, serikali ya jimbo ikahamia Beni. Barabara yetu ya kusini, ile ya Lubero na Kanyabayonga, ilikuwa imekwisha kuwa njia ya vita tangu mwaka uliotangulia. Bidhaa za wafanyabiashara wetu hazikuacha kuja, kwa sababu hizo hushukia Mombasa, zikapita Kampala na kuingilia Kasindi. Kilichokatika ni watu. Mafundi waliokuwa wakipanda kutoka Goma kutuhudumia walitawanyika, na yule aliyetufungia seva yetu alikuwa mmoja wao. Ukipiga namba yake, haipatikani.

Seva yenyewe ni ya mitumba, mnara mmoja mzito wenye diski mbili zinazobeba data ileile, moja ikiwa pacha wa nyingine. Ndani yake kuna kila faranga na kila dola ya wanachama: mama wa mihogo, mwenye duka la vipuri, mwalimu anayeweka kidogo kidogo ili mwanawe asome. Nakala tulikuwa tukiichukua kila Ijumaa jioni kwenye diski ya nje.

Umeme ulikatika usiku, siku ya katikati ya juma. Betri za inverta zikaisha kabla ya mapambazuko. Asubuhi tukawasha jenereta, nikabonyeza kitufe cha seva, feni zikanguruma kama kawaida, kisha skrini ikabaki nyeusi na mistari michache ya Kiingereza: saa na tarehe hazijapangwa, mipangilio imerudishwa kuwa ya kiwandani, hakuna kifaa cha kuwashia.

Fundi wa jirani akaitwa. Alichomeka flashi yake, akatazama kwa muda mfupi, akasema, «Mama, mfumo umekufa na diski ni kama imekwenda. Tufute, tuweke upya, halafu mrudishe ile nakala ya Ijumaa.»

Kwa maneno hayo alikuwa anapendekeza tufute Jumamosi, Jumatatu na Jumanne. Jumamosi ndiyo siku soko linapotuletea pesa nyingi. Mimi ni mhasibu, si fundi, lakini mhasibu hakubali hasara iandikwe bila hati. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu taa za diski zote mbili zikiwa kijani, na kadi inayoziunganisha ilikuwa imetangaza, mashine ilipoanza kuwaka, kwamba zote ni nzima. Kitu kizima kimekufaje? Nikamwambia fundi angoje. Hakufurahi.

Nje habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Tulipofungua lango kulikuwa na akina mama wengi, kila mmoja na kitabu chake cha akiba mkononi, na neno lililokuwa likipita ni kwamba pesa zimekwenda na Goma. Sikuwalaumu. Walio na umri wangu bado wanakumbuka Bindo, ule mchezo wa Kinshasa uliomeza akiba za watu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu aliyewahi kuibiwa hivyo hawezi kutulizwa kwa neno «seva».

Meneja alisimama kwenye ngazi akasema ukweli: pesa ziko kwenye kasha, mashine inayohesabu haiwaki, na tutatumia kalamu. Tukafungua rejista kubwa. Mwanachama alileta kitabu, karani akanakili salio la mwisho, mwenzake akahakiki na bordero, zile karatasi za kuweka na kutoa pesa, za siku hizo, mtu akapewa kiasi kidogo cha kumfikisha mwisho wa juma. Kazi ilikuwa ya polepole mno. Mama mmoja mzee alinishika mkono akaniuliza, «Binti yangu, uniambie kama kwa mama yako, nirudi au nisirudi?» Nikamwambia arudi. Usiku ule niliomba sana, kwa maana nilikuwa nimeahidi nisichokuwa na uhakika nacho.

Msaada ulikuja kupitia mwanachama mmoja ambaye mwanawe amesoma informatiki katika Université Catholique du Graben. Kijana alifika na flashi, kalamu na simu. Hakugusa kibodi kwanza. Aliuliza, «Mama, mashine hii ilifungwa kwa njia ya zamani au ya sasa?» Hakuna aliyejua. Tukaona ajabu, maana fundi wa kwanza hakuuliza hilo kabisa.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kabla Linux au Windows haijaamka, kuna programu ndogo iliyo ndani ya ubao mama ambayo huamka kwanza na kuitafuta. Njia ya zamani inaitwa BIOS, ni ya tangu kompyuta za IBM za mwaka 1981. Hiyo huenda kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na kutafuta humo msimbo wa kuanzia. Njia ya sasa inaitwa UEFI. Ilianzia kwa Intel, na tangu 2005 inasimamiwa na umoja wa makampuni mengi. Hii haijali msimbo wa sekta ya kwanza. Inasoma jedwali la diski liitwalo GPT, inatafuta sehemu ndogo maalumu, na ndani yake inafungua faili la kuwashia. Seva za umri wa hii yetu zinajua njia zote mbili, na mtu huchagua moja katika mipangilio. Ukifunga mfumo kwa njia moja kisha mashine ikabadilishwa kwenda nyingine, ni kama mgeni anayebisha mlango uliozibwa kwa matofali huku wenyeji wamekaa sebuleni.

Nani alibadilisha, basi? Akafungua ubavu wa seva akanionyesha betri ya duara, bapa, iliyoandikwa CR2032, ya volti 3, sawa na zile za rimoti za magari. Ndiyo inayoweka saa na mipangilio hai umeme unapokatika. Yetu ilikuwa imechoka. Inverta ilipozima, seva ikasahau mwaka, ikasahau na njia yake, ikarudi kwenye ile ya kiwandani, ambayo kwa mashine yetu ni BIOS.

Tulituma mtu kwa fundi wa saa sokoni, akaleta mpya. Bei yake haifiki bei ya kuku.

Kijana alipiga picha kila ukurasa wa mipangilio kabla ya kubadilisha chochote. Hilo nililipenda. Kisha akawasha kwa flashi, bila kuandika kitu kwenye diski, akasoma jedwali lake: GPT, na mwanzoni sehemu ya megabaiti 512 ya kuwashia. Ushahidi ukapatikana. Diski ni ya UEFI, mashine imekaa kwenye BIOS. Akabadilisha, akawasha.

Haikuwaka. Moyo wangu ulianguka, nakiri.

Yeye hakushtuka. Alisema mashine imesahau pia jina la faili la kufungua, na Debian, ndiyo mfumo wetu, kwa kawaida haiweki faili la akiba pale UEFI inapotafuta ikikosa maelekezo. Akawasha flashi tena, safari hii akichagua kwenye menyu mstari unaoanza na UEFI. Alisisitiza hapo: flashi ileile inaweza kuamka kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, na ikiamka kwa BIOS haiwezi kuandika maelekezo ya UEFI hata ukeshe. Alihakikisha kwa kutafuta folda iitwayo /sys/firmware/efi; mara ya kwanza haikuwepo, sasa ipo. Akaandika upya maelekezo kwa programu ya efibootmgr, akanakili faili la kuwashia mahali pa akiba kwa jina BOOTX64.EFI, akachomoa flashi.

Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Hifadhidata ikajirekebisha yenyewe baada ya ule mkato wa umeme. Kabla hajaniruhusu kufungua programu ya akaunti, alipanga saa iwe ya kwetu, ileile ya Lubumbashi, maana muamala ukiandikwa na tarehe ya miaka ya nyuma unavuruga riba na stakabadhi zote.

Nikatafuta Jumamosi. Ipo. Jumatatu ipo, Jumanne ipo, hadi muamala wa mwisho kabla ya kufunga. Tukalinganisha na bordero: zikakubaliana. Namshukuru Mungu, na namshukuru kijana huyu ambaye alikataa malipo ya zaidi ya nauli ya pikipiki. Yule mama mzee alirudi, akahesabiwa salio lake mbele ya macho yake, akaweka tena.

Nanyi mnaotunza mashine za zahanati, shule, parokia na koperative, nawaomba: badilisheni hiyo betri kabla haijaisha, andikeni kwenye karatasi kama seva yenu ni ya BIOS au UEFI, na karatasi hiyo muibandike ubavuni mwake. Na fundi akitaka kufuta, mwombeni kwanza awaonyeshe jedwali la diski. Asipoweza kulisoma, asiiguse.