Sanamu za Baba na Ukuta wa Nyumba Yetu

Katika nyumba nyingi za mji wa Bukavu utaona sebuleni ubao mmoja wa kuwekea vitu vizuri vya jamaa. Juu yake zimesimama sanamu: mama anayetwanga, mzee na fimbo yake, mvuvi katika mtumbwi, na mara nyingi katikati yao Bikira Maria wa plasta, aliyetolewa zawadi siku ya ndoa. Wengine wamezirithi sanamu zao. Wengine wamezinunua kwa mafundi, moja moja, mwaka kwa mwaka. Mali hiyo ina adui asiye na kelele, naye ni kuvu. Leo tunataka kuwasimulia jinsi alivyotushinda sisi, ili ninyi asiwashinde.

Baba yetu ni seremala. Katika siku za nguvu zake, mchana alitengeneza milango na meza, na jioni alichonga. Tulipofunga ndoa alitupa sanamu tisa. Miongoni mwake yumo mpiga ngoma, ambaye twampenda kuliko wote, kwa kuwa uso wake ni uso wa babu yetu aliyefariki. Tuliziweka zote juu ya ubao uliobanwa barabara katika ukuta wa nyuma wa nyumba, migongo yao ikigusa ukuta, ili watoto wasizifikie.

Mji wetu uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu. Mvua huanza karibu na mwezi wa tisa na kuendelea hata mwezi wa tano. Usiku ni baridi, na asubuhi nyingi ukungu hupanda kutoka ziwani. Mwaka ule, mvua zilipokuwa zimekolea, mama watoto aliona unga mweupe mabegani mwa mpiga ngoma. Sisi tulisema, “Ni vumbi la chaki, tumelileta katika nguo zetu kutoka shuleni.” Akaupangusa. Baada ya juma moja unga ule ulirudi, na nyuma ya sanamu, upande wa ukuta, ulikuwa umegeuka kijani, tena wenye harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi.

Hapo tulifanya makosa matatu kwa siku moja. Kwanza, tuliziosha sanamu zote kwa sabuni na maji ya javeli, kama mtu anayefua mashuka. Pili, tuliziweka juu ya bati katika jua kali la saa sita. Tatu, jirani mmoja alitushauri kuzipaka mawese ili zing’ae, nasi tulikubali. Kabla ya jioni mpiga ngoma alipasuka toka paji la uso hata kidevu. Plasta ya Bikira Maria ilibambuka rangi. Na baada ya majuma mawili kuvu ilirudi, nene kuliko kwanza, maana tulikuwa tumeipa maji ya kunywa na mafuta ya kula.

Siku chache baadaye baba alikuja kututembelea. Tuliona haya, hata tukageuza uso wa mpiga ngoma ukutani. Baba aliushika, akaugeuza, akapitisha kidole katika ufa. Hakusema neno juu yake. Kisha alifanya jambo ambalo sisi, wenye kufundisha habari za maji na hewa kila mwaka, hatukuwa tumelifanya: aliweka kiganja chake juu ya ukuta.

“Mwanangu,” alisema, “mti haukuugua. Ukuta ndio mgonjwa. Huku upande wa pili wa sebule, ukuta huuhuu unapita katika chumba gani?”

“Baba, ni chumba cha watoto.”

“Na nani amelala kando yake?”

Tulinyamaza. Alikuwa mtoto wetu wa nne, mwenye umri wa miaka mitano, aliyekuwa akikohoa tangu mvua zilipoanza. Tulikuwa tumempa dawa ya kifua mara mbili. Tulivuta kitanda, tukainua godoro. Chini yake, na katika ukuta hata kimo cha goti, kuvu ilikuwa nyeusi. Miezi miwili tulikuwa tukihangaikia sanamu za mti, na mtoto alikuwa akivuta hewa ile usiku kucha.

Basi, yafaa tueleze jambo hili lilivyo. Mbegu za kuvu ni ndogo kupita vumbi, nazo zimo katika hewa ya kila nyumba. Hakuna awezaye kuzimaliza. Lakini mbegu bila maji haioti. Hewa nayo hubeba maji yasiyoonekana, na wenye ujuzi huyapima kwa mia: hewa iliyoshiba kabisa ni 100 kwa mia. Unyevu ukikaa siku nyingi juu ya 65 au 70 kwa mia, kuvu hupata nguvu. Ndiyo sababu watunzaji wa majumba ya makumbusho hupenda kuuweka kati ya 45 na 60 hivi, tena bila kuubadilisha ghafula.

Hewa ikigusa kitu cha baridi, hushiba upesi. Mmeona chupa iliyotoka katika friji inavyotoka jasho. Ukuta wa nje, wakati wa usiku, ni kama chupa ile. Sanamu iliyobanwa ukutani huzuia hewa isipite nyuma yake. Kwa hiyo kuvu huanzia mgongoni, mahali ambapo jicho halifiki.

Pumzi ya mtu nayo ni maji. Katika Ufaransa liko pango la Lascaux, lenye picha za wanyama zilizochorwa na watu wa kale. Liligunduliwa mwaka 1940, na mwaka 1963 likafungwa kwa watazamaji, maana joto na pumzi za wageni wengi zilikuwa zimeharibu hewa yake, hata mimea midogo ya kijani ikaanza kuota juu ya mawe. Ikiwa pumzi zaweza kuharibu pango la mawe, itakuwaje katika chumba kidogo wanamolala watoto wanne, dirisha limefungwa, na nguo mbichi zimeanikwa juu ya kamba?

Baba alitutoa nje, nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumezoea kumlaumu mwenye nyumba kwa ajili ya unyevu ule. Kweli, mfereji wa bati ulikuwa umetoboka, na maji ya paa yalianguka palepale chini ya ukuta. Lakini udongo uliorundikwa juu ya msingi, kimo cha mkono, tuliurundika sisi wenyewe ili tupande maua. Kila mvua, udongo ule ulinywa maji na kuyanywesha matofali. Siku ileile tuliuondoa, tukachimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Na mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikubali tugawane gharama ya bati jipya.

Kwa habari ya sanamu zenyewe, haya ndiyo tuliyojifunza. Ubao usiguse ukuta wa nje. Uwekeni katika ukuta wa ndani, au acheni nafasi ya vidole vinne nyuma yake, na kila sanamu iwe mbali kidogo na mwenzake. Fungueni madirisha jua likiwa limepanda na ukungu umetoweka, si alfajiri wala wakati wa mvua. Kabati la kioo ni zuri kwa kuzuia vumbi, lakini msifungie ndani yake mti wenye unyevu. Humo kuvu itastawi. Wenye kabati linalofungwa vizuri waweza kuweka ndani vile vijifuko vya silika viletwavyo pamoja na viatu vipya na vyombo vya umeme. Vijifuko hivyo vikishiba maji havifai tena, mpaka vikaushwe au vibadilishwe. Kipima unyevu kidogo nacho si ghali, nacho husema kweli kuliko pua zetu.

Kuvu ikiisha kuonekana, itengeni sanamu ile na nyingine. Ipelekeni nje kivulini, mjifunge kitambaa puani na kinywani, na watoto wakae mbali. Iacheni ikauke siku mbili tatu penye hewa, kisha piganeni na kuvu kwa brashi laini, mkiisukuma upande usio na uso wenu. Maji, sabuni na javeli si dawa ya mti, maana huingia ndani na kuharibu rangi. Jua kali hukausha ngozi ya mti kabla ya moyo wake. Ngozi hujikunyata, moyo unakataa, na hapo ndipo ufa. Mafuta ya kula ni chakula cha kuvu na gundi ya vumbi. Na weusi unaong’aa wa sanamu ya kale, uliotokana na mikono ya wazee, msiukwangue, maana ni sehemu ya sanamu.

Lakini haya yote ni kazi bure ikiwa ukuta unaendelea kunywa maji. Katika mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa maongozi juu ya nyumba zenye unyevu na kuvu, likaeleza kwamba wanaokaa humo wana hatari zaidi ya kuugua njia za pumzi na kuzidiwa na pumu. Sisi tulimpeleka mtoto kwa mganga wa zahanati, tukamwambia habari ya ukuta. Alimpa dawa, akatuamuru kuhamisha kitanda siku ileile na kuchoma godoro lile. Kikohozi hakikuisha kwa usiku mmoja. Kilipungua pole pole, na mvua za mwaka uliofuata zilipita bila kurudi kwa mganga.

Baba alitaka kuuziba ufa wa mpiga ngoma kwa unga wa mti na gundi. Tulimwomba auache. Yuko sasa katika ukuta wa ndani, na kila Jumamosi, mama watoto anapopangusa ubao, mmoja wa watoto huenda kuweka kiganja chake juu ya ukuta wa nyuma, chumba kwa chumba, na kuja kutuambia kama ni mkavu.

Basi, ndugu wazazi, nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, jioni ya leo igeuzeni sanamu moja ya nyumba yenu, mtazame mgongo wake. Mkikuta unga mweupe, msikimbilie sabuni. Gusani ukuta kwanza, kisha mkatazame nani amelala kando yake.