Taifodi Isiyoisha

Kwa miaka mingi nilikuwa na taifodi. Ndivyo karatasi zilivyosema, na nilizitunza zote: taifodi, UTI, amiba, taifodi tena. Hapa Mbagala zahanati na maabara zimebanana kama vibanda vya mawakala wa pesa. Unaingia na tumbo linalouma, unatolewa damu, unatoka na sipro na flajili. Hakuna aliyeniuliza choo changu kikoje.

Siku za kazi sikuthubutu hata chai ya rangi kabla sijashuka Kariakoo. Tumbo likianza kukata ukiwa Mtoni kwa Azizi Ally, na foleni ile ya barabara ya Kilwa, utamwambia nini kondakta? Mama mdogo alisema ni chango, akanichemshia mizizi. Yeye angalau aliuliza mambo ya nyumbani yanakwendaje.

Daktari aliyenisaidia nilimkuta hospitali ya serikali. Kijana mdogo. Alipitia karatasi zangu moja moja, kisha akauliza: "Dada, tumbo likiuma, ukienda chooni linapoa?" Wakati mwingine linapoa. "Choo mara kigumu, mara unaharisha?" Ndiyo. "Usiku linakuamsha?" Hapana. Damu kwenye choo, homa, kupungua mwili? Hakuna. Akaagiza vipimo vichache vya damu na choo, vikatoka safi. Nikajua nitaambiwa sina kitu.

"Una kitu," akasema. Ni IBS: utumbo ukiutazama ni mzima, ila misuli na neva zake zinashtuka upesi, na mawazo yanauchochea. Akaeleza kwamba kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kinaweza kushika hata kinga iliyobaki mwilini tangu zamani, kwa hiyo karatasi ile peke yake haithibitishi taifodi. IBS nayo madaktari wana vigezo vyake, vinaitwa vya Roma, vilivyopitiwa upya 2016: maumivu ya walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayoendana na choo kubadilika. Akanichorea utumbo nyuma ya cheti.

Dawa aliandika moja tu, mebeverini, ya kutuliza mkazo. Kazi kubwa ikawa jikoni: niache vitunguu, maharage, maziwa na chapati kwa wiki chache, kisha nirudishe kimoja kimoja. Maharage niliyavumilia. Lakini mchuzi wa samaki bila kitunguu! Watoto walinisusia chakula. Na kumbe mchokozi mkubwa alikuwa kitunguu chenyewe.

Sijapona. Ada za shule zikikaribia tumbo linasokota vilevile. Ila nikiulizwa kama nimeridhika na matibabu, najibu nimeridhika, na wenzangu wananishangaa, maana kwetu aliyetibiwa vizuri ni anayerudi na dawa nyingi. Niliporudi kliniki nilimkuta daktari mwingine. Akasoma alichoandika mwenzake, akaendelea hapohapo, bila kunirudisha maabara.

Kinachonikera bado ni muda. Siku ile ya kwanza, kwa yule daktari kijana, nesi alichungulia mlangoni mara kwa mara, benchi nje limejaa, na dakika nilizopewa mimi lazima kuna mtu alipunguziwa.