MASIKIO KWANZA, MACHO BAADAYE (Sehemu ya 9)

Mama zangu, watoto wamelala? Haya, tuongee kidogo.

Leo nawaletea Leonard Feather. Alizaliwa London mwaka 1914, akajifunza piano, akapenda jazi (si dansi letu la akina Morogoro Jazz, nasema ile ya Wamarekani weusi) mpaka akahamia Marekani. Kule alipiga piano na kutunga nyimbo, hata Dinah Washington aliimba za kwake. Ila jina lilikuja kukua kwa kalamu. Akawa mhakiki wa muziki, na mwaka 1955 akatoa ensaiklopidia ya jazi.

Mimi kilichonishika ni mchezo aliouanzisha gazetini mwaka 1946. Anamkalisha mwanamuziki, anamwekea santuri bila kumwambia kapiga nani, halafu anamuuliza: unaionaje? Hapo huna jina wala sura, una masikio tu.

Mwaka 1951 ikawa zamu ya mpiga tarumbeta Roy Eldridge, mtu mweusi aliyebaguliwa sana akiwa kwenye bendi za wazungu. Alishasema yeye akisikia tu anajua kama aliyepiga ni mweusi au mweupe. Santuri zikapigwa. Akakosea mara nyingi, na mwenyewe akakubali kwamba huwezi kujua.

Jamani, si ndiyo fetoskopu yetu hiyo! Kile kipembe tunachoweka tumboni kwa mama. Ukiinama pale humwoni mtoto, wala hujui baba yake ana gari au anasukuma mkokoteni. Unahesabu mapigo, 110 hadi 160 kwa dakika ndiyo tunayotaka. Moyo hauna kabila.

Shida inaanza tukiinua kichwa. Tunaona khanga iliyochakaa, tunaona kabinti ka miaka 17, masikio yanaziba. Akisema, "Nesi, mtoto leo hachezi kama jana," anaambiwa ni uoga wa mimba ya kwanza. Mwenye mkoba mzuri akisema hayohayo, anapandishwa kitandani apimwe.

Mama, mtoto akipunguza kucheza tumboni nenda kituoni siku hiyohiyo, usingoje kesho. Ukipuuzwa, sema tena: "Naomba nisikilizwe mapigo ya mtoto." Huo si usumbufu, ni haki yako.

Na manesi wenzangu mnaopita hapa, tusikilize kwanza. Khanga tutaiangalia baadaye.

Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.